Unywaji wa pombe unapogeuka ugonjwa: namna ya kuutambua na unavyotibiwa

Watu wakianza kumjadili mtu anayekunywa, hawakawii kufika kwenye swali moja: ni mlevi au si mlevi? Mmoja atasema ni mlevi kwa sababu anakunywa kila siku. Mwingine atamtetea: hajawahi kukosa kazi, hagombani na mtu, ada za watoto zimelipwa, na isitoshe anakunywa bia tu. Wote wawili wanapima mambo ambayo daktari hangeyatanguliza. Mtu anaweza kunywa mara moja kwa wiki na bado akawa katika hatari kubwa ya kufa kwa ajali usiku huo huo. Mwingine haonekani amelewa hata siku moja, kumbe mwili wake hauwezi tena kumaliza saa 24 bila kinywaji. Huyu wa pili, ndugu zake wakimwamuru aache leo hii na wakafunga mlango, wanaweza kumpoteza kabla wiki haijaisha.

Ndiyo maana inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo huchanganywa kuwa kitu kimoja. La kwanza ni unywaji hatarishi: mtu hajaumia bado, ila kiasi anachokunywa, au namna anavyokunywa, kinamweka kwenye njia ya kuumia. La pili ni unywaji wenye madhara: tayari kuna kilichoharibika, iwe ini, shinikizo la damu, ndoa, kazi au mfupa uliovunjika kwa kuanguka. La tatu ni utegemezi, ambao wengi huuita uraibu: mtu amepoteza sehemu ya uwezo wa kuamua lini aanze, lini aache na anywe kiasi gani. Mtu wa kwanza anaweza kusaidiwa kwa mazungumzo ya dakika kumi na mhudumu wa afya anayejua kuuliza. Wa tatu anahitaji matibabu yenye mpango, wakati mwingine kitanda cha hospitali. Kuwapa wote dawa moja, yaani mahubiri, ndiko kunakowafanya wengi wakate tamaa.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu kiasi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo kimoja cha pombe kuwa gramu 10 za ethanoli, yaani pombe yenyewe ukiondoa maji, sukari na ladha. Nchi hutofautiana kidogo. Uingereza hutumia gramu 8, Marekani 14. Hesabu ni nyepesi na kila anayekunywa anapaswa kuijua: chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20, ambazo ni vipimo viwili. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina vipimo saba na ushei. Kichupa cha pombe kali cha mililita 250 chenye asilimia 40 kina gramu 80, vipimo vinane. Kwa hiyo aliyekunywa bia nne na aliyemaliza kichupa hicho wamekunywa pombe sawasawa. Kinywaji kilichopikwa nyumbani hakina asilimia iliyoandikwa na nguvu yake hubadilika kila kinapopikwa, hivyo anayekinywa hana namna ya kuhesabu. Na ikiwa kimechanganywa na methanoli, suala si uraibu tena, ni sumu: mtu akianza kuona ukungu au giza baada ya kunywa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri pombe imtoke.

Ini la mtu mzima husafisha takriban kipimo kimoja kwa saa. Kahawa, maji baridi ya kuoga na supu haviongezi kasi hiyo. Aliyekunywa vipimo kumi harakaharaka na kulala saa sita usiku huenda bado ana pombe kwenye damu anapowasha gari saa kumi na mbili asubuhi, hata kama anajihisi yuko sawa.

Kuhusu kiwango salama, Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Sababu kubwa ni saratani. Tangu mwaka 1988 pombe imo katika kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, na inahusishwa na saratani zisizopungua saba, zikiwemo za koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Hatari huongezeka kadiri kiasi kinavyoongezeka. Hilo halimaanishi kwamba kila anayekunywa ni mgonjwa. Maana yake ni kwamba ule usemi kuwa kidogo ni dawa haufai kuwa sababu ya mtu kuanza kunywa.

Sasa kutambua. Mwaka 1989 shirika hilo hilo lilitoa dodoso la maswali kumi linaloitwa AUDIT, ambalo hadi leo hutumika katika kliniki nyingi duniani. Maswali matatu ya mwanzo yanahusu kiasi: unakunywa mara ngapi, vipimo vingapi kwa siku ya kawaida, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi kwa mkupuo mmoja. Matatu yanayofuata yanauliza kama umewahi kushindwa kuacha baada ya kuanza, kama umeshindwa kutimiza wajibu kwa sababu ya pombe, na kama umehitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuianza siku. Mengine yanauliza juu ya majuto, juu ya kutokumbuka yaliyotokea usiku uliopita, juu ya kuumia au kuumiza mtu, na kama kuna ndugu, rafiki au daktari aliyewahi kukushauri upunguze. Kila jibu lina alama, na jumla huwa kati ya 0 na 40. Kuanzia 8 kuna sababu ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Kuanzia 20 mtu anapaswa kuchunguzwa kwa ajili ya utegemezi.

Nalithamini dodoso hili kwa sababu halimuulizi mtu yeye ni nani. Linamuuliza alifanya nini na mara ngapi. Ukimwambia mtu ni mlevi utapata ugomvi. Ukimuuliza ni mara ngapi mwaka huu ameamka asikumbuke alivyofika nyumbani, mara nyingi utapata jibu. Swali hilo la kumbukumbu lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Pombe ikipanda haraka kwenye damu, ubongo huacha kabisa kuhifadhi matukio, huku mtu anaendelea kuongea, kutembea, hata kuendesha gari. Haikuwa usingizi. Asubuhi hakuna cha kukumbuka kwa sababu hakuna kilichohifadhiwa.

Utegemezi wenyewe una mizani yake. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, daktari huangalia mambo matatu: kama uwezo wa kujizuia umepungua, kama pombe imepanda juu ya mambo mengine ya maisha na inaendelea kunywewa licha ya madhara, na kama mwili wenyewe umebadilika. Mawili kati ya hayo yakionekana kwa muda unaofikia mwaka, au kwa miezi mitatu ya kunywa kila siku au karibu kila siku, mtu anahesabiwa kuwa tegemezi. Kazi nzuri, elimu, dini, umri, aina ya kinywaji: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kwenye mizani hiyo.

Hapo kwenye mabadiliko ya mwili ndipo penye kosa ninalotamani kila familia ilijue. Tunamsifu mtu anayeibeba pombe, anayekunywa wenzake wakaanguka yeye akabaki anasimulia hadithi kwa ufasaha. Uwezo huo ni dalili. Maana yake ubongo wake umezoea kiasi kikubwa kiasi kwamba pombe haimleweshi tena kama zamani, ila ini, moyo, kongosho na mishipa ya fahamu havijapata kinga yoyote. Kwa kuwa halewi, anaongeza. Na kwa kuwa haonekani amelewa, hakuna anayemuuliza.

Dalili nyingine ya mwili ni ile ya asubuhi. Mikono inatetemeka, jasho linatoka bila joto, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu, woga usio na sababu. Anakunywa kidogo, na ndani ya nusu saa ametulia. Watu huita kuzimua na kuichukulia kama tiba ya uchovu wa jana. Uchovu wa kawaida baada ya kunywa huisha wenyewe mchana unavyosonga, na anayeumwa nao mara nyingi hataki hata kuinusa pombe. Mtetemeko unaotulizwa na pombe ni jambo jingine kabisa. Ni arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliozoea pombe pale inapopungua, na ni ishara kwamba mwili umeanza kuitegemea.

Kwa nini hutokea? Pombe hupunguza kasi ya ubongo: huongeza nguvu ya mfumo unaotuliza na kudhoofisha ule unaochangamsha. Mtu akinywa sana kwa miezi na miaka, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi ndani ya utulivu huo wa kulazimishwa, kwa kuongeza uchangamfu na kupunguza utulivu wake wenyewe. Fikiria watu wawili wanaosukuma mlango kutoka pande mbili kwa nguvu sawa. Mlango haujongei, na aliye mbali anaweza kudhani hakuna kinachoendelea. Mmoja akiondoka ghafla, mwingine anaangukia mbele na mlango wake. Pombe ikikatika ghafla, ubongo uliokuwa unaisukuma hubaki na msukumo wote bila kizuizi.

Anguko hilo lina ratiba. Mtetemeko, jasho na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Wengine huanza kuona au kusikia visivyokuwepo ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Kifafa cha arosto hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani. Hatari kubwa zaidi huja siku ya pili hadi ya nne: mtu anachanganyikiwa, anaweweseka, anaona wadudu au watu ukutani, homa inapanda, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaruka. Zamani, kabla ya tiba ya kisasa, hali hii iliua hadi theluthi moja ya waliopatwa nayo. Ikitibiwa mapema na vizuri, wengi sana hupona.

Kwa hiyo ushauri wa "mfungie ndani siku tatu, atazoea" unaweza kuua. Hata mtu mwenyewe aliyeamua kwa moyo wote kuacha asiache ghafla peke yake ikiwa anakunywa kiasi kikubwa kila siku, ikiwa hutetemeka asubuhi, ikiwa aliwahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipoacha zamani, au ikiwa ni mjamzito, mzee au ana ugonjwa mwingine mkubwa. Aende hospitali kwanza. Ikiwa msaada uko mbali, ni salama zaidi aendelee na kiasi kinachopungua kidogo kidogo hadi atakapoonwa na daktari kuliko kukata siku moja. Najua inasikika vibaya kumwambia mtu anywe. Lakini kifafa njiani ni kibaya zaidi.

Hospitalini, hatua ya kwanza ni kumtoa mtu kwenye pombe kwa usalama. Kwa kawaida hutumiwa dawa za kundi la diazepamu, ambazo hushika nafasi ya pombe kwenye mfumo unaotuliza ubongo, kisha dozi hupunguzwa kwa siku tano hadi saba. Dawa hizi zenyewe huleta utegemezi zikitumiwa ovyo, na zikichanganywa na pombe zinaweza kuzima upumuaji, ndiyo maana si za kununua na kujipimia nyumbani. Sambamba nazo hutolewa vitamini B1, iitwayo thiamini. Wanaokunywa sana hula kidogo, na pombe huzuia utumbo kuifyonza vitamini hiyo. Ikikosekana, ubongo huumia: mtu anachanganyikiwa, macho hayatulii, anayumba akitembea hata kama hajanywa. Ikicheleweshwa, anaweza kupoteza kabisa uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kwa sababu dalili hizi zinafanana na ulevi, wengi huachwa "walale kwanza". Kama mtu anayumba na hajanywa, usimwache alale, mpeleke hospitali.

Wiki hiyo ya kwanza huondoa pombe mwilini. Haiondoi ugonjwa. Hili ndilo familia nyingi huchukua muda kulielewa: ndugu yao ametoka hospitali msafi, ana afya, wakafurahi, na baada ya miezi miwili amerudi kunywa. Matibabu yenyewe huanza baada ya mwili kutulia, na yana sehemu mbili zinazosaidiana: mazungumzo na dawa.

Kwa upande wa mazungumzo, mshauri nasaha mzuri hahubiri. Anamsaidia mtu aseme mwenyewe anachopoteza na anachotaka, ajue ni saa gani, mahali gani na hali gani ya moyo humpeleka kwenye chupa, na apange atafanya nini badala yake. Vikundi vya waliopitia hali hiyo husaidia wengi. Kinachojulikana zaidi, Alcoholics Anonymous, kilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa mazungumzo ya watu wawili waliokuwa wakipambana na pombe. Vikao vyake ni bure. Hakimfai kila mtu, na ambaye hakimfai hajashindwa. Ajaribu njia nyingine.

Dawa za kupunguza hamu zipo, na zinajulikana kwa wachache mno kuliko inavyostahili. Naltreksoni hupunguza raha ambayo ubongo huipata kutoka kwenye pombe, hivyo kinywaji cha kwanza hakivuti cha pili kwa nguvu ile ile. Inaweza kuanzwa hata kabla mtu hajaacha kabisa, lakini haimfai anayetumia dawa za maumivu za jamii ya mofini. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudie, na figo zake zinapaswa kuwa nzima. Ya tatu, disulfiramu, ni ya tangu miaka ya 1940. Hiyo haipunguzi hamu. Inazuia mwili kumaliza kuivunja pombe, na mtu akinywa, sumu inayobaki humletea uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kutapika na shinikizo kushuka. Inamfaa anayeijua, aliyeikubali, na mwenye mtu wa kumsimamia akiimeza.

Narudia: anayeijua. Kuna wanaouziwa vidonge au unga wa kumwekea mlevi kwenye chakula kwa siri. Kama ndani yake mna disulfiramu, mtu huyo atakunywa kama kawaida yake na anaweza kufa kwa moyo. Hata wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho bado anaweza kupatwa na hali hiyo. Hakuna tiba halali ya uraibu inayotolewa bila mgonjwa kujua, na nia njema ya aliyeiweka haibadilishi kitakachotokea.

Wapo wanaosema ugonjwa huu ni udhaifu wa roho. Takriban nusu ya uwezekano wa mtu kuwa tegemezi hutokana na urithi wa damu. Iliyobaki ni mazingira, umri alioanzia, maumivu aliyopitia, na pombe kupatikana kirahisi. Mwenye mzazi aliyekuwa tegemezi hajahukumiwa, ila ana sababu nzuri ya kuwa mwangalifu mapema kuliko wengine. Mara nyingi pia kuna sonona au wasiwasi nyuma ya chupa. Anayekunywa ili alale hupata usingizi wa kukatika katika, na anayekunywa ili asahau huamka na huzuni zaidi. Wengine sonona yao hupungua sana baada ya wiki chache bila pombe. Wengine hubaki nayo, na wanahitaji itibiwe sambamba. Akizungumza juu ya kufa au kujiua, hilo halingoji amalize kuacha pombe.

Familia nayo isisubiri aangamie kwanza ndipo ajifunze. Anayefikishwa kwenye matibabu mapema ana zaidi ya kuokoa: ini lililojaa mafuta kwa sababu ya pombe linaweza kurudi katika hali nzuri ndani ya wiki au miezi ya kuacha, ilhali ini lililokwisha kuwa makovu halirudi lilivyokuwa. Mazungumzo hufaa asubuhi akiwa mzima kichwani. Sema ulichokiona kwa jina lake: Jumanne hukumpitia mtoto shuleni, Ijumaa uliendesha gari huku unayumba. Kisha mpe hatua moja iliyo karibu, kama kumsindikiza kliniki kesho. Kumdanganyia bosi wake kwamba anaumwa malaria, kumlipia madeni ya kilabu, kumfichia makosa: hayo hufanywa kwa upendo, lakini yanampunguzia sababu ya kutafuta msaada. Wanaoishi naye pia wanahitaji mahali pa kusema. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni kwa ajili ya ndugu na wenza, na wanaweza kwenda hata kama mnywaji mwenyewe amekataa.

Kuteleza na kurudia kunywa ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, kama ilivyo kwa shinikizo la damu au pumu kurudi juu mgonjwa anapoacha dawa. Kinachotakiwa ni kurudi kliniki haraka, kesho yake ikiwezekana, bila kusubiri aibu iishe. Jambo moja la kuangalia: baada ya majuma kadhaa bila pombe, mwili hupoteza ule uzoefu wa zamani. Kiasi ambacho zamani kilimwacha akisimulia hadithi kinaweza sasa kumzimisha. Akiwa haamki ukimtikisa, anapumua polepole au kwa kukatika, au midomo imekuwa ya bluu, mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, mtu asimwache peke yake, na apelekwe hospitali. Mkifika, mwambieni daktari alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi mara ya mwisho, na dawa gani anameza. Majibu hayo manne ndiyo yatakayomsaidia kuamua aanze na nini.